Nani Aliyepanda? Mnazi wa Uani katika Historia na Fasihi ya Pwani

Makala haya yanachunguza jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, na hasa sisi tunaoisomesha, tumezoea kulipita kwa haraka, nalo ni mnazi wenyewe: mti unaopandwa uani, ukamwagiwa maji yaliyooshewa vyombo, ukakwewa, ukagemwa, ukarithiwa na hatimaye ukapelekwa mbele ya kadhi. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani mnazi unasimamia nini katika shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute", aghalabu hujibu kwamba mnazi ni Kenya, na ndugu wawili wanaougombea ni wananchi waliotengana baada ya uhuru, mmoja akiyafaidi matunda na mwingine akiyatazama. Jibu hilo si kosa. Shairi limo katika Sauti ya Dhiki, diwani iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1973, na mtunzi alikuwa ametoka kifungoni mwaka mmoja tu kabla yake, baada ya kufungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi? cha 1968. Hapana msomaji anayeweza kuliepuka fumbo la kisiasa katika tungo za mazingira hayo.

Hata hivyo, jibu hilo linaacha swali ambalo kwa mhakiki ni la msingi zaidi. Kwa nini mnazi? Kwa nini si mwembe, au mbuyu, au mkorosho? Miti hiyo yote yajulikana Mombasa, yote ina matunda, na mwembe una kivuli ambacho mnazi hauna. Mhakiki asemaye kwamba "mnazi ni taashira ya nchi" na akaishia hapo amesema jambo ambalo lingeweza kusemwa juu ya mti wowote. Hoja yetu ni kwamba mtunzi hakuchagua mti wowote. Alichagua mti ambao namna ya kuupanda, kuulea na kuumiliki ilikuwa tayari, kwa karne kadhaa, imewafundisha watu wa Pwani kufikiri juu ya haki, mirathi na jasho. Shairi limesimama juu ya elimu ya bustani na elimu ya mahakama ambazo msomaji wa Pwani alikuwa nazo bila kusomeshwa, na ambazo msomaji wa leo, hata akiwa mzaliwa wa Mombasa, hana budi kuzitafuta.

Mti wenye mpandaji

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mnazi si mti wa asili ya Afrika Mashariki. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha zaidi ya minazi elfu moja kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kuwa minazi yote imegawika katika koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Pasifiki na nyingine ya Bahari ya Hindi, na kwamba Bukini, Visiwa vya Ngazija na pwani ya Afrika iliyo karibu navyo ni miongoni mwa mahali ambapo koo hizo mbili zimechanganyika. Watafiti hao waliuhusisha mchanganyiko huo na safari za kale za mabaharia waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ni kweli kwamba nazi yaweza kuelea baharini muda mrefu na bado ikaota. Lakini mchanganyiko wa namna hii ni alama ya mikono ya watu na vyombo vyao.

Maandishi ya wasafiri hayatusaidii kama tunavyotaraji. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akataja migomba, milimau na matunda mengine, akasema kwamba wenyeji hawalimi nafaka bali huletewa kutoka bara, mnazi hakuutaja. Lakini yeye huyo huyo ameueleza mnazi kwa kirefu alipokuwa Dhofar. Kimya cha mgeni aliyelala Mombasa usiku mmoja si ushahidi kwamba mti haukuwapo. Wareno walipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, aliyeandika habari za safari ya Vasco da Gama aliona nyumba zilizopakwa chokaa, na nyuma yake mashamba na minazi. Tangu hapo mnazi hautoki tena katika maelezo ya Pwani.

Fasihi ya kale ina ushahidi wa namna nyingine, na hapa tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo na Fumo Liyongo. Miongoni mwa tungo zinazonasibishwa naye zimo za kuusifu uchi wa mnazi, yaani tembo, kama jina lake lilivyo katika lahaja za kaskazini. Lakini katika kisa chake mashuhuri, kama kilivyotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utenzi wa 1913, njama ya kumwua haifanyiki mnazini. Inafanyika penye mkoma. Wenziwe wanakula kikoa cha makoma, kila mtu akipanda kwa zamu, na makusudio yao ni kwamba zamu yake itakapofika wamfume mishale akiwa juu ya mti. Naye anawashinda kwa kuyaangusha makoma kwa mishale yake bila kupanda. Mkoma na mnazi ni miti ya jamaa moja, lakini kijamii ni miti miwili tofauti kabisa. Mkoma ni wa mwituni. Haukupandwa na mtu, hauna mwenyewe, na wapitao huyala matunda yake kwa pamoja. Kwa hiyo kikoa cha makoma kinawezekana. Kikoa cha nazi za kuchuma mtini kingehitaji kwanza mtu aulizwe na atoe idhini. Njama ile ilihitaji mti usio na mwenyewe, na mtunzi aliujua mti uliomfaa.

Mnazi, kwa upande wake, aghalabu una mpandaji, na mara nyingi jina lake lajulikana. Tutaona kwamba historia yote ya mti huu Pwani inalizunguka jambo hilo.

Namna ya kuupanda na kuulea

Mhakiki anayeona haya kuzungumzia kilimo na aruke sehemu hii, lakini ataruka pamoja nayo sababu za shairi.

Nazi ya mbegu huchaguliwa kutoka katika mnazi uliokomaa na unaozaa vizuri, ikaachwa ikauke pamoja na kumbi lake. Hulazwa ubavu katika kitalu chenye kivuli, ikafukiwa nusu, ikamwagiwa maji. Huchukua miezi mitatu, minne au zaidi kabla ya chipukizi kutokeza, na mche huhamishwa baada ya miezi sita hadi mwaka. Shimo huchimbwa mapema na kujazwa samadi na majivu, na wako wanaotia chumvi. Wataalamu wa leo hawaicheki desturi hiyo, kwa sababu mnazi ni katika mimea michache ambayo kiasi cha chumvi huisaidia. Mashambani nafasi kati ya mti na mti huwa mita nane au tisa. Uani hesabu ni nyingine: watu hutazama upande ambao nazi na makuti yataangukia, wakauweka mti mbali na paa na mbali na kisima, kwani nazi moja iliyokauka yaweza kutoboa bati au kuua mtu.

Ua una faida ambazo shamba halina. Watu wa Sri Lanka wana usemi kwamba mnazi hausitawi mahali ambapo sauti ya mtu haisikiki. Usemi huo una maelezo mepesi. Madini ambayo mnazi huyahitaji kwa wingi kuliko mengine ni potasiamu, na majivu ya jikoni yamejaa potasiamu. Maji ya kufulia na kuoshea humwagwa pale pale shinani. Kuku huchakura chini yake. Watoto huwaona mapema wadudu waharibifu, akiwamo chonga, yule mdudu mkubwa mweusi anayetoboa kilele na kula majani machanga yangali yamekunjwa. Si ajabu basi kwamba mnazi mmoja wa uani, ambao haukupata hata siku moja ya kazi iliyoitwa kazi, huweza kuzaa kuliko jirani zake wa shambani. Tuongeze jambo moja linalowapendeza wanasayansi: sisimizi wale wakali waitwao maji ya moto, ambao kila mkwezi amewahi kuwalaani, ndio walinzi wakubwa wa nazi changa dhidi ya mdudu mmoja mfyonzaji anayezifanya zidondoke. Utafiti uliofanywa Unguja katika miaka ya 1950 ulilithibitisha hilo.

Mnazi mrefu wa Pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na huendelea kuzaa kwa miaka sitini au zaidi. Ukishaanza, haukomi. Mwembe una msimu. Mkorosho una msimu. Mnazi hutoa shada jipya takriban kila mwezi, hata katika mti mmoja huonekana kwa pamoja karara lisilofunguka, maua, vidaka, madafu, makoroma na nazi kavu. Kiswahili kina jina kwa kila hatua hiyo, na msamiati huo ni ushahidi kwamba kila hatua ina mtu anayeingojea: mwenye kutaka dafu, mwenye kutaka tui, mwenye kutaka mbata, na mgema ambaye hataki lolote kati ya hayo, kwani yeye hulikata karara kabla halijafunguka, na akishagema shada hilo halizai nazi tena. Mgema na mpishi hawawezi kulitumia karara moja.

Mwisho, mnazi hauna matawi. Shina ni moja, na kilele ni kimoja. Ukikata kilele, mti wote umekufa. Hauchipui ubavuni kama mwembe. Kupanda juu ni kwa vidato vilivyochongwa shinani au kwa kamba, na kwa kawaida anayepanda ni mtu mmoja. (Neno hilo kidato, kabla ya kuingia skuli na kuwa kidato cha kwanza na kidato cha nne, lilikuwa ni pale mkwezi anapotia mguu. Watahiniwa wetu wanaoandika kwamba mnazi ni nchi wamekaa juu ya mnazi bila ya kujua.)

Mti mbali, ardhi mbali

Tulipofika sasa twaweza kuuliza mti huu ni wa nani. Kwa mtu aliyelelewa katika sheria za Kiingereza, swali halina uzito: kilichoota ardhini ni cha mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 iliieleza ardhi kuwa ni pamoja na vyote vinavyoota juu yake na majengo yaliyoshikamana nayo. Watu wa Pwani hawakufikiri hivyo. Kwao mti ulikuwa na mwenyewe, na ardhi ilikuwa na mwenyewe, na watu hao wawili hawakulazimika kuwa mmoja.

Fikira hiyo ina vyanzo viwili vilivyokutana. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, mtu akiuza mti bila kuitaja ardhi, kauli yenye nguvu ni kwamba pahali ulipopandwa hapaingii katika mauzo. Lakini mnunuzi ana haki ya kuuacha mti pale pale maadamu u hai. Haki hiyo inakwenda na uhai wa mti. Mti ukifa, haki imekwisha, na ardhi inamrudia mwenyewe ikiwa tupu. Chanzo cha pili ni mila za wenyeji wenyewe. John Middleton, alipochunguza umilikaji wa ardhi Zanzibar na kuchapisha ripoti yake mwaka 1961, alikuta miti ikimilikiwa, ikirithiwa na kuuzwa mbali na udongo ilimoota. David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 juu ya Wagiriama wa sehemu za Kaloleni, alieleza jamii ambamo minazi iliwekwa rehani na kuuzwa peke yake, mkulima mmoja akawa na ardhi na mwingine akawa na minazi iliyomo.

Kitabu hicho cha Parkin kingefaa kusomwa na kila mhakiki wa shairi tunalolizungumzia, ingawa kiliandikwa na mwanaanthropolojia asiyekuwa na habari ya ushairi wetu. Anaonyesha kwamba mikataba ya minazi haikuandikwa. Ilishuhudiwa. Kijana aliyetaka kununua minazi ya jirani yake ili auze mbata alihitaji wazee ambao miaka ishirini baadaye wangekuja kusema: tulikuwapo, tuliona, mti huu uliuzwa na haukuwekwa rehani tu. Na wazee hao walikutana wapi? Katika arusi na matanga, penye tembo. Mnazi ulitoa mali inayogombewa, na mnazi huo huo ukatoa kinywaji ambacho mashahidi walikunywa pamoja. Kijana tajiri hangeweza kuwadharau wazee, hata akiona kwamba sherehe zao zinamla fedha, kwa sababu bila ndimi zao hana hati.

Serikali ya kikoloni iliikuta hali hii na ilijaribu kuiandika. Baada ya himaya kutangazwa mwaka 1895 na ukanda wa maili kumi kuhesabiwa kuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar, ilipitishwa mwaka 1908 Sheria ya Hati za Ardhi ili madai ya watu wa Pwani yasikilizwe na kutolewa hati. Wanasheria walioitunga walikuwa na desturi ya Kiingereza vichwani, lakini Pwani iliwalazimisha kuutaja mti kwa jina. Hati ya umilikaji ilichukuliwa kuwa ni ushahidi kwamba minazi, nyumba na majengo yaliyomo katika ardhi ile ni mali ya mwenye ardhi, isipokuwa kama hati yenyewe imeandikwa kinyume. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye historia. Yanakiri kwamba katika ardhi ya mtu mmoja yaweza kuwapo minazi ya mtu mwingine, na nyumba ya mtu wa tatu. Ile desturi ya Mombasa ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga nyumba yake na kumlipa mwenye kiwanja kodi ya kila mwezi, imetoka katika fikira hiyo hiyo.

Walioandikiwa hati walikuwa wachache. Wamijikenda wengi hawakupata, na ardhi ambayo hakuna aliyethibitisha dai lake ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na waliokuwa watumwa, pamoja na Wamijikenda walioshuka kutoka bara ya karibu, wakaendelea kulima katika mashamba ya watu. Frederick Cooper amelieleza vizuri sharti walilowekewa: panda mahindi, panda muhogo, lakini usipande miti. Muhogo hung'olewa, na aliyeupanda akaondoka. Mnazi hukaa miaka sitini, na kila mwaka unapozidi kuwa mrefu, dai la aliyeupanda linarefuka pamoja nao. Mwenye shamba alilijua hilo, na mkulima alilijua hilo. Kumkataza mtu kupanda nazi moja nyuma ya kibanda chake ilikuwa ni kumkataza kuwa na ushahidi.

Ya Unguja tutayapita kwa ufupi, kwa kuwa ni historia ya shamba kubwa zaidi kuliko ya ua. Seyyid Said, kwa masimulizi mashuhuri, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Tufani ya Aprili 1872 ikaing'oa mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho kwa wingi, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Linalotuhusu ni kwamba riwaya za Zanzibar zimelirithi tatizo lile lile la mpandaji na mwenye ardhi. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, mgogoro wa mwisho ni wa shamba: waliolilima kwa mikono yao wanatakiwa watoke, na damu inamwagika. Wahakiki wameusoma mgogoro huo kama wa kitabaka, na ndivyo ulivyo. Lakini uchungu wa Sulubu si uchungu wa mfanyakazi aliyenyimwa mshahara. Ni uchungu wa mtu aliyetia mkono wake ardhini akaamini, kama walivyoamini wazee wake, kwamba jasho humpa mtu haki ambayo karatasi haiwezi kuifuta.

Kulirejea shairi

Sasa tuwarejee ndugu wawili na mnazi wao. Tukiwa na haya tuliyoyaeleza, twaweza kujibu kwa nini mti mwingine usingefaa.

Neno ndugu latuingiza katika mirathi, na mirathi yahitaji mti unaoishi baada ya aliyeupanda. Mpapai haungefaa. Lakini mwembe nao waishi miaka mingi, na bado haufai, kwa sababu mwembe una matawi. Ndugu wawili wanaweza kugawana mwembe: tawi la mashariki lako, la magharibi langu. Wanaweza kupanda wote wawili kwa wakati mmoja wala wasigusane. Mnazi hauruhusu suluhu hiyo rahisi. Shina lake ni moja, njia ya kupandia ni moja, na aliye juu ndiye anayeamua nini kitaangushwa na lini. Aliye chini hawezi kumfuata, wala hawezi kuukata mti bila ya kuiua mali yake mwenyewe. Hapa ndipo tunapoona usahihi wa mtunzi. Nchi aliyoiona mwaka 1969 haikuwa nchi ambayo walioikosa wangeweza kujikatia kipande wakaondoka nacho. Ilikuwa na kilele kimoja.

Msimu nao una maana yake. Ugomvi wa mwembe hupoa embe zikisha, na ndugu hupatana hadi mwaka ujao. Mnazi huzaa mfululizo, kwa hiyo dhuluma yake haina likizo. Kila mwezi anayenyimwa hunyimwa upya. Tukisoma hivi, jina la shairi, lile la kuvutana, halielezi pambano moja bali hali ya kudumu.

Pana pia fani ya shairi. Majibizano ni fani kongwe katika Kiswahili, na wahakiki wamezoea kuyahusisha na malumbano ya kina Muyaka wa Mombasa ya karne ya kumi na tisa. Tunakubali. Lakini malumbano ya Muyaka kwa kiasi kikubwa ni mapambano ya miji na watawala, na kila upande unajisifu. Majibizano ya ndugu juu ya mnazi yamekaa karibu zaidi na baraza la wazee au mahakama ya kadhi: huyu anadai, huyu anajibu, kila mmoja anatoa hoja ya haki yake. Msomaji amewekwa mahali pa shahidi, na katika kesi ya mnazi, kama tulivyoona kwa Wagiriama, shahidi si mpita njia. Yeye ndiye hati. Mtunzi aliyeandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, alijua vyema thamani ya kuwa na watu ambao siku moja wangesema: tulisikia. Tafsiri inayolifanya shairi hili kuwa fumbo la kufumbuliwa tu, mnazi ni hiki, ndugu yule ni fulani, inamwondoa msomaji katika kazi hiyo ya ushahidi na kumpa kazi ya kutegua kitendawili, ambayo ni nyepesi zaidi.

Yuko atakayetupinga kwamba tunalirudisha shairi nyuma, kutoka siasa ya taifa hadi ugomvi wa uani. Sisi twaona kinyume chake. Kumiliki mti uani kulikuwa siasa tangu hapo. Mkulima aliyekatazwa kupanda nazi katika ardhi ya mwenye hati hakuhitaji kuelezwa kwamba mnazi ni taashira ya dola. Dola ilikuwa imemkataza mnazi wenyewe. Watu waliolisikia shairi Mombasa katika miaka ya 1970 walikuwa na majirani wanaodaiana minazi, na wengine walikuwa wakiishi katika nyumba zao wenyewe juu ya viwanja vya watu. Fumbo la kitaifa liliwafikia kwa kupitia jambo hilo, na ndiyo sababu halikuwa baridi kama mafumbo mengi ya kisiasa yaliyotungwa katika miongo ile. Tungo ngapi za wakati huo zina mti, jua na giza ambavyo havikupata kupandwa wala kuchomoza mahali popote?

Sheria ile iliyoanza mwaka 1908, iliyoutaja mnazi kwa jina, ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Mwaka uliofuata Sheria ya Mazao nayo ilifuta sheria mbili nyingine za minazi. Mwanafunzi wa fasihi atakayetaka kujua watu wa Pwani walivyoutenga mti na ardhi ataendelea kupata habari hizo katika majalada ya kesi, katika vitabu vya wanaanthropolojia, na kwa wazee ambao bado wanaweza kusimama uani wakaonyesha kwa kidole: huu alipanda nyanya, ule ulinunuliwa, na ule pale kando ya ukuta ni wa wakfu, nazi zake ni za msikiti. Kazi ya kuyakusanya masimulizi ya namna hiyo ingeifaa idara kama yetu kuliko tasnifu nyingine moja juu ya taashira.

Wakati huo huo, mnazi unaopandwa katika bustani nyingi za nyumba mpya si ule mrefu. Ni kitamli, mnazi mfupi, ambao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na hupendwa kwa madafu yake matamu. Hupandwa penye lango, au kando ya maegesho ya gari, na mwenye nyumba mara nyingi huwa ndiye mwenye hati ya kiwanja. Umri wake wa kuzaa ni mfupi kuliko wa mnazi mrefu, na kwa miaka ya mwanzo hauhitaji mkwezi wala vidato: mtu husimama chini, akanyosha mkono, akachuma.